Saladi ya Meza ya Dirishani

Msichana alikuwa amelala sakafuni mwa mkahawa, kati ya viti viwili vya meza ya dirishani, amefunikwa kitambaa cha meza. Mama yake, fundi cherehani wa sare za shule, alikaa kando yake akiwa amemshika mguu, kama anayemzuia mtu asiondoke.

Inspekta alipiga magoti, akafunua kitambaa, akaiona midomo iliyovimba, akakirudisha taratibu. Hakumwuliza mama kitu. Alimwagiza koplo afunge mlango, apige picha kila meza, na asiruhusu sahani yoyote kuoshwa.

Maelezo ya mama yalipatikana baadaye, kidogo kidogo. Binti yake alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, na hamu yake ilikuwa kusherehekea kwa kuionja saladi ya mkahawa ule, ambayo mji mzima ulikuwa ukiipangia foleni. Mama alimtania kwamba hayo ni majani ya sungura yaliyopandishwa cheo. Lakini mtoto wa pekee hanyimwi, wakaenda. Kabla ya kuagiza, mama alimweleza mhudumu kwamba mwanawe hawezi korosho, hata chembe, humfunga koo. Mhudumu aliingia jikoni, akarudi akasema wasiwe na wasiwasi.

Binti alikula vijiko vichache, akaishika shingo yake. Mama alimchoma sindano ya dharura waliyotembea nayo, lakini haikufua dafu. Gari la wagonjwa lilimkuta amekwisha kata roho.

Daktari aliyeichunguza maiti alithibitisha kuwa ni mzio. Maabara nayo ilikuta korosho zilizosagwa ndani ya sosi iliyobaki kwenye sahani.

Inspekta alianza na mhudumu, mwanamke ambaye macho yalikuwa yamemwiva kwa kulia.

"Ulimwambia mpishi?"

"Nilimwambia, afande. Akaitikia kwa kichwa."

"Nani alisikia?"

"Hakuna. Jikoni kuna kelele."

Mpishi mkuu, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kuhutubia juu ya chakula, alikana katakata. Alisema hakuambiwa neno. Mhudumu alisahau, sasa anatafuta wa kumtwisha mzigo. Alisema hayo bila kutetereka, na koplo akaanza kumwamini. Lilikuwa neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Inspekta alimwomba mama ruhusa ya kuifungua simu ya marehemu. Kama wafanyavyo wote wanaokwenda kula pale, msichana alikuwa ameipiga picha saladi yake kabla ya kuigusa. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaiweka sambamba na picha za koplo za meza nyingine. Akamwita Profesa tena.

"Saladi hii hutokaje jikoni?"

"Majani, embe, sosi. Juu tunanyunyiza korosho nzima zilizokaangwa."

"Kila sahani?"

"Kila sahani. Ndiyo sifa yake."

Inspekta alimsogezea picha. Sahani za meza zote zilikuwa na korosho juu. Ya meza ya dirishani ilikuwa na majani na embe tu.

"Hii nani aliiacha bila korosho? Na kwa nini, kama hukuambiwa?"

Profesa aliinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti ya kuhutubia ilikuwa imemtoka.

"Ni mimi. Niliambiwa."

"Na sosi?"

"Sosi bila korosho si saladi yangu, afande."

Kisha akayatoa yote. Kila siku wateja humletea masharti. Mmoja aliapa kwamba maziwa yanamdhuru, halafu akamaliza bakuli la aiskrimu. Alikuwa amechoka kuchezewa, na kutengeneza sosi nyingine wakati foleni imefika barabarani aliona ni kudekeza watu.

"Nilidhani ni maringo," alisema. "Nikaona nisipoziweka zile za juu ataridhika. Hatajua."

"Alijua," Inspekta alisema.

Profesa alilia, akatia sahihi maelezo yake, akapelekwa mahabusu kwa tuhuma ya kuua bila kukusudia.

Inspekta alikwenda mwenyewe kwa yule mama. Alimkuta ameketi mbele ya cherehani, hashoni. Kabla hajaelezwa lolote, mama alisema kosa ni lake. Hakulitamka jambo kwa uzito, labda alicheka aliposema, labda hawakumsikia.

"Ulisema vizuri, mama," Inspekta alimwambia. "Ulisikika. Ujumbe ulifika mpaka jikoni."

Akamweleza maneno ya mpishi, bila kuongeza wala kupunguza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akilinyoosha kwa kiganja shati dogo lililokuwa mapajani mwake.

"Angesema tu haiwezekani," alisema hatimaye. "Tungeagiza kitu kingine, afande. Mwanangu hakuwa mtu wa makuu."