Aliyesoma Ujumbe wa Mageni

Kila siku Mageni aliponda mawe kwenye kinu. Kisha aliosha unga wake kwenye karai. Mawe hayo yalitoka kwenye mashamba ya watu, nje kidogo ya Kahama. Mumewe, Bujiku, alikuwa huko kwenye kambi ya wachimbaji akitafuta dhahabu. Luka, mdogo wake Mageni, ndiye aliyeleta mawe nyumbani.

Chembe za dhahabu zikionekana, Mageni alimwandikia mumewe kwa wasapu: "Ipo. Shamba la mzee Charles." Bujiku alikwenda kupatana na mwenye shamba ili achimbe.

Lakini mara tatu mfululizo alikuta watu wengine wamemtangulia.

"Mama Doto, nani mwingine anajua?" Bujiku alimuuliza mkewe.

"Mimi na wewe tu. Na Luka."

Siku hiyo hiyo Bujiku alimfukuza Luka mbele ya wachimbaji wote.

"Dada, sikuuza siri yenu," Luka alisema. Akaenda Songwa kwa ndugu zao.

Mageni alishindwa kula. Kama si Luka, mumewe angemshuku nani? Si yeye mwenyewe?

Alikwenda kwa jirani yake, Bi Euphrasia. Mama huyu alikuwa fundi wa kompyuta tangu zamani, zilipokuwa za kuhesabika mjini. Aliwahi kumgundua mtu wa mbali aliyekuwa akisoma baruapepe za ofisi yao kwa siri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea?"

Mageni alieleza yote.

"Umewahi kumwachia mtu simu yako?"

"Fundi mmoja alinibadilishia kioo. Aliomba namba ya siri, nikampa."

Bi Euphrasia alifungua wasapu. Alibonyeza nukta tatu, kisha "Vifaa vilivyounganishwa." Kompyuta moja ilionekana.

"Hii ni yako?"

"Mimi? Sina kompyuta!"

"Basi kuna mtu aliiunganisha na wasapu yako, anasoma kila unachoandika."

Mageni alimsukumia simu. "Iondoe, mama! Sasa hivi!"

"Tukiiondoa sasa, Luka hatasafishika. Kwanza tumjue msomaji."

Walimwita Bujiku, wakamweleza. Kisha Mageni aliandika: "Ipo nyingi. Nyuma ya josho la zamani." Pale hapakuwa na dhahabu, na Luka hakujua lolote.

Asubuhi walijibanza karibu na josho la ng'ombe pamoja na mtendaji wa kijiji. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Hakuna aliyetokea.

"Nilikuambia ni mdogo wako," Bujiku alinong'ona.

Mageni alifumba macho. Ndipo bodaboda ikasimama. Wanaume wawili walishuka na sururu. Mmoja alikuwa yule fundi wa simu.

Mtendaji aliita polisi, wakawachukua pamoja na kompyuta yao. Kisha Bi Euphrasia alimwonyesha Mageni jina la ile kompyuta kwenye orodha. "Bonyeza hapa, halafu 'Toka'." Jina likapotea. Wakaweka namba mpya ya siri ya simu, na nyingine ya tarakimu sita ya wasapu.

"Fundi akitengeneza simu, kaa naye," alisema. "Namba ya siri iandike mwenyewe. Na orodha hii uiangalie mara kwa mara."

Bujiku alipanda basi kwenda Songwa.

"Shemeji, nilikuaibisha mbele ya watu," alisema. "Rudi, nikuombe radhi mbele ya watu hao hao."

Luka aliuliza:

"Dada yangu umeshamwomba radhi?"

Bujiku aliinamisha kichwa. "Bado."

"Basi tuanzie kwake," Luka alisema, akaingia ndani kuchukua begi lake.