Sharti Lisiloandikwa

Kila alasiri, chai ya maziwa ikishatiwa iliki, Nasriya hufuta vumbi vitabu vyake. Ni riwaya za Kiingereza za zamani, za enzi ya Malkia Victoria. Alikuwa akizisomesha skuli kabla hajaolewa. Sasa anazifuta vumbi tu, maskini.

Siku hiyo walikuwa wanawake watatu nyumbani kwake, mtaa wa Hamriya: yeye, bintiye Jumana, na jirani yao Hajar, ambaye ni wakili. Jumana ni muuguzi. Alikuwa keshaposwa na Asaad, na akdi ya kufunga ndoa ilikuwa Ijumaa.

"Mama, Asaad kaniahidi. Ntaendelea na kazi yangu hospitali."

"Kakuahidi vipi?"

"Kwa mdomo. Mama nawe! Humwamini?"

Nasriya alihisi moyo unamchoma. Musallam, mumewe, naye alimwambia vivyo hivyo: utasomesha tu, bibi. Harusi haijapoa, akasema mkewe hatoki kwenda kazini. Basi, yakaishia hapo.

Hajar akaweka kikombe chini. "Liwekeni sharti kwenye mkataba wa ndoa," alisema. "Jumana aseme wazi kuwa ataendelea na kazi. Asaad akikubali, kadhi aliandike kabla hawajatia saini. Akija kulivunja, Jumana ana haki ya kwenda mahakamani. Lisipoandikwa, mahakama haina la kushika."

"Watu hawatasema tuna jeuri?" Jumana aliuliza.

"Waseme! Dini imeruhusu, na sheria ya hapa imeruhusu."

Nasriya alicheka, lakini macho yalishajaa machozi.

"Hajar, nlikuwa nikiwahurumia wake wa kwenye riwaya hizi. Mwanamke wa Kiingereza zamani zile akiolewa, mali yake huwa ya mume, hata mshahara wake. Nkiwaambia wanafunzi wangu, alhamdulillahi, sisi mke ana mali yake na ana sharti lake. Wale hawakuwa na pa kuandika. Mimi nlikuwa napo, na sikuandika."

Alilia mpaka chai ikapoa.

Ijumaa wanaume walikaa majlis, chumba cha wageni. Wanawake walisikiliza nyuma ya mlango. Kadhi alisoma sharti la Jumana.

"Ami Musallam," Asaad alisema kwa unyonge, "kwani neno langu halitoshi?"

Nasriya alisogeza sikio mlangoni.

"Na mimi nlitoa neno, mwanangu," Musallam alijibu. "Mkubalie, liandikwe."

Asaad alikubali. Likaandikwa. Vigelegele vikapigwa.

Mpaka leo Jumana huvaa sare yake asubuhi akaenda hospitali, na Asaad ndiye anayempeleka kwa gari.

Na Nasriya? Alasiri moja baada ya harusi, Musallam alisimama mlangoni akimtazama na kitambaa chake.

"Nasriya, ukitaka kurudi skuli, mimi sina neno."

"Nna miaka hamsini na nane, Musallam. Nani atanichukua?"

Nasriya akashusha kitabu kingine, akakifuta vumbi.