Mstari wa La Sivyo

"Nilishaufuta!"

"Umefuta nini wewe? Njoo usome mwenyewe, usinichoshe."

"Kitinda, jana nilibonyeza kufuta mbele ya macho yako. Uliniona."

"Nilikuona. Na leo upo palepale. Sasa nani mwongo, mimi au mashine yako?"

Mumewe alivuta kiti kwa nguvu mpaka kikakwaruza sakafu. Walikuwa katika kiofisi chenye meza moja na viti viwili, kimebanana na chumba cha mashine za kutotolesha vifaranga. Biashara ilikuwa ya mama yake Kitinda. Yeye Kitinda ndiye binti wa mwisho, na ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Miguu ilimvimba, mgongo ulimuuma, na siku hizo hakuwa na subira na mtu yeyote, hasa mtu mwenye kichwa kigumu.

Mumewe aliitwa Injinia. Jina hilo alipewa na mama mkwe wake, nusu kwa kumsifu na nusu kwa kumtania, siku alipoleta kompyuta na kufuta maandishi ya chaki yaliyokuwa yamejaa ukutani. Kuanzia siku hiyo kila trei ya mayai iliandikwa kwenye jedwali la kompyuta: aina ya mayai, tarehe yalipoingia kwenye mashine, jina la mchukuaji na namba yake ya simu. Kila asubuhi kompyuta ilijiuliza yenyewe ni trei zipi zinatoka leo, kisha ikawatumia wenyewe ujumbe: "Ndugu mteja, leo ndiyo siku. Njoo uchukue." Wakija, Mama aliwauliza jina dirishani. Jina likilingana na la kwenye jedwali, na siku ikilingana, mteja alipewa vifaranga vyake. Bila hayo hata angelia machozi, Mama hampi.

Hesabu ya siku aliiandika Injinia mwenyewe, na aliionea fahari. Kama ni mayai ya kuku, ongeza siku ishirini na moja. Kama ni ya bata, ongeza ishirini na nane. La sivyo, andika tarehe ya leo.

"Hiyo la sivyo ya nini?" Mama aliwahi kumuuliza.

"Ya kuzibia tu, Mama. Lazima uiambie kompyuta la kufanya kama si kuku wala bata. Lakini haiwezi kutokea. Sisi tuna kuku na bata, basi."

Ikatokea. Jioni moja, wote watatu wakiwa na furaha kwa sababu kazi ilikuwa imekwenda vizuri, Injinia aliongeza mstari kwenye jedwali kwa utani. Aina: mtoto. Tarehe ya kuingia: ile waliyoambiwa kliniki kwamba mimba inahesabiwa kuanzia hapo. Jina la mchukuaji hakuandika, wala namba ya simu. Kompyuta ikaona si kuku, ikaona si bata, ikaandika: leo.

"Haya, mama kijacho, inuka twende," alisema Injinia. "Kompyuta imeshasema."

Walicheka sana. Kitinda alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha wakazima taa wakaenda kula, na hakuna aliyekumbuka kuufuta ule mstari.

Asubuhi yake kompyuta ikatuma ujumbe kama kawaida, na kwa huyo asiye na jina wala namba ikatuma pia. Ujumbe usio na namba hauendi popote. Injinia alijua hivyo, na mtu yeyote anajua hivyo. Lakini jibu lilirudi, neno moja tu. "Nakuja."

Ndiyo maana walikuwa wakigombana.

"Soma la leo," alisema Kitinda akigusa kioo kwa kidole. "Soma kwa sauti."

Injinia alisoma polepole. "Nilikuja jana hamkunijibu. Leo nakuja tena." Akajikuna shingo. "Kuna mtu anatuchezea."

"Anatuchezeaje bila namba?"

"Sijui! Ningejua ningekuwa nimekaa hapa?"

Jana yake, saa ya mchana, jua likiwaka, mtu alikuwa amebisha dirishani. "Hodi. Ni leo?" Mama aliuliza jina, kama anavyomuuliza kila mtu. Kimya. Alipofungua hakuona mtu, ila harufu ilimpiga usoni, harufu ya yai viza lililopasuka pamoja na nywele zilizoungua, na nyuma yake, katika maboksi, vifaranga vyote vikanyamaza kwa mara moja. Anayejua kelele za vifaranga anajua kwamba havinyamazi. Hata ukizima taa vinalia. Siku ile vilinyamaza kama vimeambiwa.

Injinia aliufuta mstari tena. Kesho yake ulikuwepo. Akafuta na jedwali lote, akaanza kuliandika upya trei kwa trei, huku akilaani kwa sauti ya chini na jasho likimtoka. Alipomaliza ule mstari ulikuwa juu kabisa, kabla ya trei ya kwanza. Mtoto. Leo.

"Tatizo si mstari," alisema siku ya nne, macho mekundu. "Tatizo ni ile la sivyo. Inamwambia leo kila siku. Nikiitoa, hatapata tarehe. Asipopata tarehe, haitwi."

"Una uhakika?"

"Kitinda, hii ni kazi yangu."

"Na hii ni mimba yangu. Nimekuuliza una uhakika?"

Injinia aligeukia kioo. Aliitoa la sivyo. Kweli, mahali pa tarehe pakawa peupe, na asubuhi hiyo ujumbe haukutumwa. Injinia alipiga meza kwa furaha. Hata Kitinda alikubali kunywa chai naye bila kununa.

Lakini pale peupe palikuwa pabaya kuliko lile neno leo. Mwanzo yule asiye na jina alikuwa akija mara moja kwa siku, anabisha, anaondoka. Sasa hakuwa na siku wala saa, kwa hiyo kila saa ikawa yake. Kitinda akiwa anaosha vyombo alisikia pumzi nyuma ya sikio lake, pumzi ya moto yenye harufu ya viza, ikiuliza taratibu, "Bado?" Akilala mchana, shuka lilivutwa kidogo upande wa tumbo, kama mtu anayefunua trei kuona kama mayai yameanza kupasuka. Na mtoto tumboni, aliyekuwa hodari wa kupiga mateke, alijikunja upande mmoja akatulia tuli, kama vile vifaranga.

Mama naye alipatwa na lake. Siku hiyo aliingia chumba cha mashine kugeuza mayai. Chumba hicho hakina dirisha, mchana na usiku ni giza na joto moja, taa nyekundu ndogo tu. Alifungua mlango wa mashine ya kwanza akakuta kila yai limegeuka, ncha zote zikielekea ukuta mmoja, ukuta wa chumba alicholala Kitinda. Alikuwa bado ameshika trei aliposikia binti yake akimwita kutoka nyuma ya mashine ya mwisho, kule kwenye giza kabisa, akimwita kwa sauti ileile ya kudeka aliyoijua tangu Kitinda akiwa mtoto mdogo, "Mama, njoo unishike mkono, Mama, naogopa," na Mama alikuwa ameshapiga hatua mbili kwenda, mkono ameunyoosha, kabla hajamsikia Kitinda wa kweli akikohoa uani kwenye bomba la maji.

Alitoka kinyumenyume. Hakumwambia mtu. Alijua mwenye mimba hatiwi hofu juu ya hofu, akaona atalimeza neno hilo peke yake.

Alichofanya ni kumleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani yake ya kusomea imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuja mchana. Alinusa chumba cha mashine, akagusa mayai, akaingia kiofisini akaomba kiti.

"Nionyesheni mlichoandika," alisema.

"Mama, hii ni kompyuta," alisema Injinia. "Mambo yako ni ya—"

"Nimeona kwamba ni kompyuta, baba. Sijaja kuinunua. Nisomee."

Injinia alimsomea. Kuku, ishirini na moja. Bata, ishirini na nane. Alimweleza la sivyo ilivyokuwa na jinsi alivyoitoa. Mganga alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo yake, muda mrefu.

"Jini la kuvamia mimi nalifukuza," alisema mwishowe. "Nalifukuza saa hii hii. Lakini huyu hakuvamia. Nyinyi wenyewe mmempa miadi, mkamkumbusha kila asubuhi. Halafu mkamwachia peupe, yaani aje akitaka. Nimfukuze nikimwambia nini?"

"Kwa hiyo ni kosa letu?" Kitinda aliuliza. "Utani wa dakika moja?"

"Mwanangu, sikuja kugawa makosa. Nimekuja umzae mtoto wako umlee mwenyewe." Akamgeukia Injinia. "Hawa ni wasumbufu, lakini wanashika masharti. Mwandikie siku ya kweli. Na uandike jina la mwenye haki ya kuchukua, aone kwamba si yeye. Ukishaandika usiguse tena. Ukigusa anajua unacheza." Kisha akawatazama wote mmoja mmoja. "Kuna lingine alilofanya? Lolote?"

Mama alifungua mdomo. Kitinda alikuwa amekaa pembeni yake, mikono juu ya tumbo, uso umemkonda. Mama akafunga mdomo.

"Hakuna," alisema. "Ni hayo."

Injinia aliandika. Kama ni mtoto, ongeza siku mia mbili na themanini. Tarehe ikatokea mahali palipokuwa peupe, siku ileile ya kujifungua waliyoambiwa kliniki.

"Mchukuaji?" aliuliza.

"Andika mimi," alisema Kitinda. "Mwanangu nitamchukua mimi. Na weka namba yangu."

Aliandika: Kitinda. Palepale harufu ikaondoka, kama mtu amefungua dirisha. Vifaranga vikaanza kelele, na mtoto akampiga mama yake teke moja zito mpaka Kitinda akacheka huku machozi yanamtoka.

Baada ya hapo palikuwa na amani. Hakuna aliyebisha bila kuonekana, hakuna aliyeuliza bado. Mayai yalikaa yalivyowekwa. Kitinda na Injinia walirudia kugombania mambo ya kawaida, nani ameacha taa, nani amemaliza sukari, na Mama akiwasikia alishukuru.

Uchungu ulianza asubuhi ya siku ileile iliyoandikwa. Ulikuja kwa kasi, hapakuwa na wakati wa kwenda popote, na mkunga wa mtaa ule akaitwa mbio. Mama alishika mkono wa binti yake, Injinia alichemsha maji mengi kuliko yaliyotakiwa, na katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kwamba kule kiofisini kompyuta ilikuwa imewaka kama kila siku, ikajiuliza nani anatoka leo, na ikatuma ujumbe wake.

Mchana mtoto akazaliwa. Wa kike, mzima, mwenye sauti. Mkunga alimfuta akampakata, na Injinia akaanza kucheka peke yake mlangoni kama mwendawazimu.

"Nipe nimwone," alisema Kitinda.

"Ngoja kidogo, mama, nimfunike vizuri kwanza," alisema mkunga.

Kitinda alilala akitabasamu. Ndipo alipokumbuka, na akasema kama jambo la mzaha tu, "Injinia, mashine yako imenisahau. Leo si ndiyo siku? Simu yangu iko hapa tangu asubuhi. Mbona sikupata ujumbe?"

Injinia aliacha kucheka. Aliichukua simu pembeni ya mto akaiangalia, akaitikisa, akaiangalia tena. Hakukuwa na kitu. Alikimbia kiofisini, na walimsikia akibonyezabonyeza, kisha wakamsikia akisema kwa sauti ndogo kutoka kule, "Umetumwa. Hapa panasema umetumwa na umesomwa," na wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, vifaranga mia kadhaa vilivyokuwa vikilia tangu alfajiri vikanyamaza kwa mara moja, na mtoto mikononi mwa mkunga naye akanyamaza, macho yamefumbuka, na chini ya mlango wa nje ikaanza kuingia polepole ile harufu ya yai viza na nywele zilizoungua.

Ukabishwa mlango, kwa adabu.

Mama alisimama. Miaka yote ile ya kukaa dirishani ilimtangulia ulimini, hata kabla hajajua anasema nini.

"Jina?"

Aliyejibu alijibu kwa ile sauti ya kudeka. Kitinda aliyekuwa kitandani aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nje ya nyumba, akaweka mkono mdomoni kuhakikisha kwamba umefungwa.

"Ni mimi Kitinda, Mama. Nifungulie, nimekuja kumchukua mwanangu. Si mmeniambia ni leo?"