Nani Ataanua Nguo?

Soko la Kamina, huku Katanga ya Kongo, lilikuwa linachemka siku Talitha alipomkanyaga Kabasele. Watu walibanana mbele ya meza ya kuchajia simu, kila mmoja anagombania tundu lake. Talitha, mwalimu wa shule ya msingi, alivaa kitenge, kikwembe cha buluu chenye maua ya njano.

"Pardon, papa."

"Papa ya nani? Minyi ningali kijana. Angalia kiatu, umeniua!"

"Kama umekufa, juu ya nini uko nacheka?"

Basi, yakaanzia hapo. Kabasele alikuwa karani wa duka la saruji, mtoto wa Wakasai, watu waliotoka jimbo la Kasai, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Tangu siku ile simu ya Talitha haikunyamaza.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula bukari na matembele."

"Na minyi hukuniachia?"

"Kuya utafute!"

Ujumbe wake ulikuwa asali tupu, na Talitha alijua ulikotoka. Jamaa huyu aliiuliza akili ya mashine iliyo ndani ya simu yake kila kitu, hata rangi ya soksi. Talitha alimcheka, akampenda hivyohivyo.

Kisha mama yake Talitha akafa.

Kwetu kilio hakitaki maneno mengi. Unakuja, unakaa, unalala nje na wafiwa. Aliyekuja anaonekana, na asiyekuja anaonekana zaidi. Kabasele hakuja. Aliogopa. Wazazi wake walifukuzwa hapa Katanga mwaka wa tisini na mbili kwa sababu ni Wakasai, wakarudi baadaye kimyakimya, na hakujua wajomba wa Talitha wangempokea kwa macho gani. Akaiuliza mashine. Ikamwandikia rambirambi nzuri ajabu, akaituma: "Mama yako hajaondoka, amegeuka mwanga wa njia yako."

Siku ileile Salomé, binamu wa Talitha, akamwonyesha simu yake. Mwalimu mkuu wa shule ya Talitha naye alikuwa ameitumia familia maneno yaleyale, mpaka ule mwanga: mashine ileile.

Talitha hakulia. Hata hasira hakuipata. Alimjibu Kabasele "Aksanti" na hakupokea simu yake tena. Kilio kikaisha, jamaa wakatawanyika. Alifundisha, alifua, alikula ugali wake wa bukari usio na ladha. Kanisani alifungua mdomo kuimba na wenzake na sauti haikutoka. Watu wakasema ana nguvu. Nguvu gani! Alikuwa amekufa ganzi.

Kabasele alirudi kwenye mashine kuuliza namna ya kuomba msamaha. Ikampa njia nyingi, zote na adabu zake, na kwa mara ya kwanza akaona aibu. Akaifunga. Vidole vilivyozoea kuuliza vikakosa kazi, vikaanza kutangatanga mtandaoni. Alikuta tovuti ya kufundisha kushona viatu, akashona kile alichokanyagwa. Akakuta nyingine ya redio za dunia nzima: unazungusha dunia kwa kidole, unasikia watu wa mbali wakisoma habari zao. Halafu akakuta ya madirisha. Watu wa kila nchi wanaweka kamera dirishani, nawe unatazama nje kwa mtu usiyemjua. Hakuna anayekushauri kitu. Akamkumbuka Talitha, akataka kutazama naye.

Jumamosi mchana akaenda kwao Talitha. Mjomba Mukalay, kaka wa marehemu, alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi.

"Unatafuta nini?"

"Nakuya ku kilio, papa."

"Kilio iliisha."

"Najua. Minyi njo nafika sasa."

Mzee alimwangalia, akarudia mahindi yake. Kabasele akakaa chini, vumbini, na suruali yake ya pasi.

Talitha akatoka. "Mashine njo inakutuma?"

"Hapana. Ile nimefunga. Sina neno hata moja, Tali."

"Basi unaleta nini?"

"Madirisha."

Uso wa Talitha haukubadilika, lakini akakaa. Kabasele akafungua simu. Dirisha la kwanza lilikuwa na theluji, la pili paka aliyelala.

"Banafanya nini kule?"

"Hapana kintu. Banaishi tu."

Akabonyeza tena. Ukatokea ua mdogo wenye kamba ya nguo: mashuka, gauni la mtoto. Matone yakaanza, kisha mvua yenyewe. Hakuna aliyetoka nyumbani.

"Banangoya nini?" Talitha akasema. "Nguo iko nalowa!"

Kabasele akamsogezea simu.

"Mama angeshatoa. Mama... hata ya jirani angetoa!"

Akaangua kilio, kile alichoshindwa kulia siku zote zile, mpaka majirani wakachungulia. Kabasele alimsogelea. Akabaki amekaa karibu naye, machozi yakimtoka na yeye.

Mjomba Mukalay aliweka mahindi chini, akaingia ndani, akatoka na kiti.

"Mukwe," alimwambia Kabasele, "ondoka mu vumbi. Tutakaa sana."