Walioogopa Kukanyaga Nilipokanyaga

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na tisa, na ni mjane tangu tarehe 14 Agosti 1966. Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimekwisha kuipata ya kunitosha, tena kutoka kwa watu ambao nisingewaachia hata kuku wangu wamlinde!

Nilizaliwa Awasi, nikaolewa Usenge, nikafiwa hapa Kisumu. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima. Mwaka 1968 nilifanya mtihani wa darasa la saba pamoja na watoto wa rika la binti yangu Akinyi, nikapasi, nikaajiriwa kufundisha shule ya chekechea.

Mwaka 1971 Bwana Zakayo, aliyewahi kuwa mpishi katika meli za ng'ambo, alifungua darasa la dansi la watu wazima katika ukumbi mmoja mjini. Alifundisha ile dansi ya kugonga sakafu kwa viatu vilivyopigiliwa vipande vya chuma kwenye ncha na kisigino. Kiwiliwili kinatulia; miguu ndiyo inayosema. Jirani yangu wa mtaani kwetu Nyalenda alipoviona viatu hivyo aliniuliza, "Mama Akinyi, umeajiriwa kazi ya farasi?"

Nilimwacha acheke. Kufikia mwaka 1972 nilikuwa katika darasa la pili, la wale waliomaliza hatua za kwanza lakini bado hawajaiva. Wenzangu walikuwa makarani, walimu na wauguzi. Lo, jinsi walivyojivuna! Walizungumza Kiingereza hata walipokuwa wakihema, na kila mila ya bibi zao waliiita ujinga.

Bwana Zakayo alinichagua niongoze mstari wa mbele katika onyesho la Jumamosi, tarehe 24 Juni. Mtaniuliza, dansi ni kitu gani cha kumliza mtu mzima? Baba alinichagulia mume. Mume alinichagulia mji. Mahali pale mbele nilikuwa nimepachagua mwenyewe, nikapapata kwa jasho langu...

Nyuma yangu alisimama Rosbella, muuguzi, rafiki yangu wa kula naye sahani moja. Jumapili moja ya mwezi wa Mei, tukichambua omena, wale dagaa wa ziwani, jikoni kwangu, nilimweleza jambo ambalo mjini hakuna aliyelijua. Shemeji yangu Odongo, ndugu wa marehemu, alitaka kunirithi baada ya mazishi, yaani alale nami na kunifanya mke wake, kama desturi inavyodai, nami nilikataa katakata. Rosbella alinishika mikono akatokwa na machozi. "Dada yangu, siri hii imefika mwisho kwangu," akasema.

Mwisho!

Jumamosi, tarehe 3 Juni, niliwakuta wenzangu wamejipanga ukutani. Hakuna aliyekuwa amevaa viatu vya dansi. Bwana Zakayo alikohoa.

"Mama Akinyi, kuna jambo."

Jambo lenyewe ni kwamba mjane asiyerithiwa hueneza chira, ile laana inayokondesha watoto, kila anapokanyaga. Nami nilikuwa wa mbele. Wote wangekanyaga nilipokanyaga! Karani mmoja alisema mkewe ni mjamzito. Mwalimu wa hesabu, mtu mwenye miwani, aliuliza kama sakafu inaweza kuoshwa. Nilimtazama Rosbella. Yeye alikuwa akitazama vidole vyake. Muuguzi huyo, anayewafokea kina mama kwa kuamini uchawi!

Kisha mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Odongo, amevaa koti la marehemu mume wangu. Rosbella alikuwa amemwita kutoka Usenge.

Bwana Zakayo alipunguza sauti. "Ni usiku mmoja tu, Mama. Mambo yaishe, wiki ijayo uendelee na mazoezi. Usiku mmoja ni nini?"

"Mimi sina haraka, binti wa Awasi," Odongo akasema huku akitabasamu. "Lakini hawa wenzako wana onyesho."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona haya!

"Mwalimu," nikamwambia, "hatua hiyo hukutufundisha."

Nilivaa viatu vyangu bila haraka, nikauvuka ukumbi wote hadi mlangoni, nikigonga kila hatua sawasawa. Walinipisha kama kuku waliomwona mwewe.

Nje nililia... Nisiwadanganye. Nililia njia nzima hadi Nyalenda.

Onyesho lilifanyika. Rosbella ndiye aliyeongoza mstari wa mbele. Mimi nilishinda nyumbani nikipiga pasi, na tangu siku ile sijacheza tena, kwa kuwa darasa jingine halikuwapo. Hilo ndilo walilonipokonya.

Wako wazee Usenge wanaoiamini desturi hiyo kwa moyo wote. Waliniambia usoni, nikawajibu usoni, na hadi leo tunasalimiana. Lakini hawa waliosoma, walioicheka wiki nzima, kisha Jumamosi wakajificha nyuma yake... niwaheshimu kwa lipi?

Wajane wenzangu, nawasihi. Msimpe siri yenu mtu anayepatamani mahali penu, hata akilia kuliko ninyi. Msidhani cheti kilichotundikwa ukutani kimemtoa mtu woga. Na mkiambiwa kwamba ni usiku mmoja tu, muulizeni msemaji kama angemshauri hivyo mama yake mzazi. Mtaona jinsi atakavyoanza kutafuta kofia yake.