Biaomei wa Kiti cha Dirishani

"Jia Ning ni nani?"

Suat Keng aliuliza taratibu, macho yakiwa kwenye simu ya mumewe iliyolala kando ya sahani ya kaa wa pilipili. Ujumbe ulikuwa bado unang'aa: "Dirishani nakaa mimi, usinibishie. Sapporo naiona mbali jamani."

Wee Teck aliigeuza simu kifudifudi.

"Biaomei wangu."

"Binamu yako? Mbona harusini kwetu sikumwona?"

"Usianze, Suat Keng. Leo ni siku ya Mama."

Kweli ilikuwa siku ya Mama, anatimiza sabini, na ukoo mzima ulijaa kwenye mgahawa wa chini ya magorofa ya mtaa wa Toa Payoh. Muda mfupi nyuma Wee Teck alikuwa amezunguka meza kama kawaida yake: "Nipeni keshi, mimi nitalipa kwa kadi." Ndugu hutoa keshi, kadi yake humwingizia maili za tiketi za ndege. Miaka nenda rudi hakuna ndugu aliyewahi kupandishwa hata ndege ya Penang, hapo jirani tu. Suat Keng alipoomba wampeleke Mama akaone theluji huko huko Sapporo, alijibiwa maili hazijatosha.

Kumbe Jia Ning zimemtosha. Kwa wivu, Suat Keng aliisukuma kando sahani yake ya wali.

"Na wewe wiki ijayo si unaenda semina?"

"Ndiyo, semina."

"Semina ya Sapporo?"

"Yule ana msongo wa kazi, nimemsaidia tiketi tu. Mtu hamsaidii binamu yake?"

Kaka yake, Wee Hock, akadakia kwa kicheko, "Sisi tunakula, maili anakula biaomei." Alipouona uso wa shemeji yake, akainamia sahani yake.

Mama aliweka vijiti vyake chini.

"Wee Teck, rudia. Huyo ni nani yako?"

"Biaomei, Mama."

"Biaomei ni binti wa ndugu yangu, au wa shangazi yako. Mimi nilizaliwa peke yangu. Baba yako ndugu zake ni wanaume watupu. Huyo biaomei kazaliwa na nani?"

Laiti angesema tangmei, binti wa baba mdogo, huenda angepona, maana hao wako tele.

Simu ikalia. Suat Keng aliiwahi, akaweka sauti ya nje.

"Mpenzi, umeshamdanganya mkeo habari ya semina? Maana mimi nafunga mabegi."

"Ameshanidanganya, dada," Suat Keng alijibu. "Subiri, shangazi yako anataka kukusalimia."

Akampa mama mkwe simu.

"Binti," Mama alisema, "nilipopasuliwa goti, wanangu walichanga keshi, huyu akalipa kwa kadi yake. Kwa hiyo hicho kiti unachokitaka ni goti langu. Kalia vizuri, bado linauma."

Simu ikakatwa upande wa pili.

"Twende nyumbani tukaongee," Wee Teck alinong'ona, akimshika mkewe mkono.

Suat Keng aliutoa mkono wake.

"Nilikuwa nakuonea wivu hata ukicheka na mhudumu wa kahawa, nikajiona mjinga, nikakuomba msamaha. Ukaupokea, Wee Teck. Ukanisamehe kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko huyo mwanamke."

"Nitaifuta hiyo tiketi. Nitakupeleka wewe."

"Nenda naye. Ila funguo za nyumba ziache hapa."

Wee Teck alimtazama mama yake akitafuta huruma. Mama alinyoosha kiganja juu ya meza, akangoja mpaka funguo zikatua.

"Wewe Wee Hock, leo atalala kwako," alisema. "Mimi nalala kwa mkwe wangu."

Walitoka wawili, mmoja akichechemea, mwingine akimshikilia kiwiko. Suat Keng alilia njia nzima hadi ndani ya lifti, na mama mkwe hakumwambia anyamaze.