Nyota Haikuchukua Kila Kitu

Kila Ijumaa, akitoka shuleni, Kanyere alipita kwenye ofisi ya parokia huko Mususa, mjini Butembo, alikofanya kazi shangazi yake Emérence. Faili la majina ya wakimbizi lilifika kutoka Beni likiwa limeandikwa kwa XML, lugha ya kompyuta inayofunga kila jina ndani ya lebo yake. Kigezo cha kompyuta alichoandika Kanyere mwenyewe, akifundishwa na shangazi, kililigeuza kuwa ukurasa wa kubandika mlangoni.

"Ulilinganisha ukurasa na faili, mustari kwa mustari?" Emérence alimwuliza kila mara.

"Ndiyo, tantine."

Hakuwa amelinganisha. Faili lilikuwa refu, na ukurasa ulitoka safi.

Mlangoni, kila Ijumaa, alisimama Mama Sikitu, aliyepotezana na binti yake Aisha siku walipokimbia kijiji chao.

"Jina ya mutoto wangu iko?"

"Hapana, mama. Haiko," Kanyere alijibu.

Ijumaa ya tano Mama Sikitu hakuuliza. Aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akaketi chini. Kanyere aliona haya. Akarudi ndani, akafungua faili lenyewe na kulisoma kwa mara ya kwanza. Katikati yake akakuta:

<!-- Aisha Hamisi, miaka 16, amepelekwa Lubero -->

Akafungua na mafaili ya majuma yaliyopita: mstari huo ulikuwamo tangu orodha ya kwanza. Alimwita shangazi yake.

"Kwenye kigezo uliandika nini?" Emérence aliuliza.

"Nyota, tantine, ile alama *. Nilifikiri nyota ni kila kitu."

"Nyota inachukua elementi tu, zile ziko na lebo. Hii ni komantere, maandishi ya pembeni. Ni aina ingine. Karani wa Beni hakuwa na lebo ya bale bantu balihamishwa, donc alibaandika pale." Emérence akamgeukia. "Mais ulilinganisha?"

"Hapana. Nilidanganya. Kila juma."

Waliongeza kanuni ya kuchukua komantere. Ukurasa ukatoa majina kumi na moja mapya. Emérence akapiga simu Lubero, Mama Sikitu akiwa kando yake.

"Aisha? Alingojea hapa majuma mbili," sauti ilijibu. "Hakuna mutu alikuja. Akapanda kamyo kurudia Beni, kutafuta mama yake. Ile kamyo haikufika."

Mama Sikitu hakulia. Alifunga kitenge chake vizuri, akatoka bila kuaga.

Kanyere alilia. "Nimusemeshe nini, tantine?"

"Hauna neno la kumwambia," Emérence alijibu. "Sikia, mwanangu. Kutojua nyota si zambi. Kama ungelinganisha, tungeliona kosa siku ya kwanza na kulisahihisha. Mais ulisema umeangalia, na mimi nikaacha kuangalia. Uongo wako ulifunga macho yetu sisi wote."

Akamwekea kiti mbele ya mashine.

"Kuko majina kumi ingine, na mama zao bangali banangoja. Kaa. Anza na mustari ya kwanza."